Bahari ya Kale Ilianza Kupumua Lini? Ushahidi wa Mawe ya Chokaa

Tazama ukuta wa nyumba yako. Kama umeupaka chokaa, basi umeupaka kitu ambacho zamani sana kilikuwa majini. Wachoma chokaa hulichukua jiwe na kulitia katika tanuri. Moto hulifukuza hewa iliyofungwa ndani yake, likabaki unga mweupe mkali. Ukitiwa maji, unga huo huchemka bila moto. Ukipakwa ukutani, hurudisha kidogo kidogo hewa ile ile uliyoipoteza tanurini, na baada ya muda ukuta wako umevaa tena ngozi nyembamba ya jiwe.

Jiwe hilo lina habari ya kutueleza. Siku hizi wataalamu wa miamba wanaliuliza swali moja kubwa: Je, hewa hii tunayovuta, ambayo bila hiyo mtu hawezi kukaa hata robo saa, ilianza lini kuwamo katika bahari na katika anga? Maana haikuwapo tangu mwanzo. Yafaa sisi tunaokaa milimani Upare tulifahamu jambo hili, kwa sababu mawe ya nchi yetu yamo katika habari hiyo, na tena kwa sababu habari yenyewe haijaisha. Inafika mpaka katika sufuria ya dagaa unayoipika jioni.

LIJUE JIWE LAKO

Kwanza tulijue jiwe la chokaa. Chukua jiwe unalolidhani kuwa ni chokaa au marumaru, likwangue kwa kisu upate unga kidogo, kisha udondoshee siki au maji ya limau. Likitoa povu dogo dogo, ni la jamii ya chokaa. Wala usimpe mtoto maji ya betri afanye jaribio hili, siki yatosha. Ukijaribu jasi ya kule Makanya, hutaona povu, maana jasi ni kitu kingine kabisa, ingawa nayo ni nyeupe. Na ukijaribu mawe mengi ya milima yetu, yale magumu yenye milia, hutaona povu vile vile.

Jiwe la chokaa hutengenezwa zaidi majini. Maji ya bahari yamebeba chokaa iliyoyeyuka, kama vile chai inavyobeba sukari. Viumbe vidogo huichukua na kujijengea makombe, au chokaa yenyewe hutua chini, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka linapotua hufunga ndani yake chembe kidogo za vitu vilivyokuwamo katika maji ya siku ile. Hapo ndipo ilipo siri yote. Ni kana kwamba mtu amechota kikombe cha maji ya bahari, akakifunga na kukiweka ghalani kwa miaka milioni elfu.

Lakini tahadhari: si kila jiwe lenye chokaa lilitoka baharini. Mlima Oldoinyo Lengai hutapika uji wa moto wenye asili ya chokaa na magadi kutoka chini ya ardhi. Jiwe la namna hiyo haliwezi kutoa ushahidi wa bahari, kwa kuwa halikuwako huko. Shahidi wa kwanza wa kukataliwa barazani ni yule ambaye hakuwapo.

TABAKA LA CHINI NDILO LA ZAMANI

Huenda utaniuliza, nani aliyetufundisha kuyasoma matabaka? Yuko mtu mmoja wa Denmark, Niels Steensen, ambaye vitabu humwita Steno. Mwaka 1669 aliandika kwamba matabaka yakilala bila kupinduliwa, la chini ndilo lililotangulia na la juu ndilo lililofuata. Leo jambo hilo laonekana wazi kama vikapu vilivyopangwa ghalani, lakini kabla yake halikuelezwa hivyo. Mtu huyu baadaye akawa padre, na mwaka 1677 akawa askofu. Mwaka 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri. Basi mkristo asiogope kulisoma jiwe. Mmoja wa waliotufungulia kitabu hicho alivaa kofia ya kiaskofu.

SIKU MOJA YA DUNIA

Hesabu za miamba ni kubwa mno kwa kichwa cha mtu. Tuzikunje ziwe siku moja tu. Dunia ina umri wa miaka milioni 4,540 hivi. Tuseme ilizaliwa saa 12 asubuhi, na sasa ni saa 12 asubuhi ya kesho yake.

Mchana kutwa bahari ilikuwapo, na ndani yake viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, lakini angani hamkuwa na oksijeni ya kutosha hata kumpa uhai mende mmoja. Saa 11 na robo hivi jioni, yaani miaka milioni 2,400 hivi iliyopita, ndipo oksijeni ilipoanza kukaa angani. Hata hivyo ilikuwa kidogo sana. Ikangoja mpaka usiku wa manane, kati ya miaka milioni 800 na 540 iliyopita, ndipo ilipopanda tena. Kwenye saa 9 usiku walitokea wanyama wakubwa wa kwanza baharini. Na mtu? Mtu ameingia sekunde sita tu kabla ya jogoo la saa 12.

Leo katika kila sehemu 100 za hewa, 21 ni oksijeni. Imetoka wapi? Ilitengenezwa na viumbe vidogo vya majini vyenye rangi ya kijani, ambavyo hutumia mwanga wa jua kama yafanyavyo majani ya mgomba wako.

NDIVA NA TOPE JEUSI

Ili uelewe bahari isiyo na oksijeni, nenda kaitazame ndiva. Wazee wetu walichimba ndiva kukusanya maji ya kumwagilia mashamba, na wewe umeshiriki kuizibua. Maji yanayotiririka juu ya mawe yamejaa hewa, hayana harufu. Lakini majani yakioza chini ya maji yaliyotulia, tope linakuwa jeusi. Ukilivuruga kwa jembe, hutoa harufu ya yai viza. Rangi hiyo na harufu hiyo ni dalili kwamba oksijeni imekwisha chini huko. Juu samaki anaweza kuishi, chini hawezi.

Basi bahari ya kale, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ilikuwa na hali ya chini ya ndiva. Tena ilibeba chuma kingi kilichoyeyuka, maana chuma hukaa ndani ya maji mahali pasipo na oksijeni. Oksijeni ikifika, chuma hugeuka kutu na kutua. Wewe unayeliacha jembe nje wakati wa mvua wajua kazi ya oksijeni.

NDUGU KUMI NA WANNE

Sasa tuje kwenye werevu wenyewe. Katika maji ya bahari mna jamii moja ya metali adimu. Asili imeziacha 14, na tabia zao zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Wataalamu huziita kwa majina kama lanthani, seriamu, praseodimi na neodimi. Husafiri pamoja, huingia pamoja katika chokaa, na hesabu yao hupangika vizuri.

Lakini yuko ndugu mmoja mwenye tabia ya pekee, naye ni seriamu. Pasipo na oksijeni hutembea na wenzake. Penye oksijeni hubadilika, huacha kuyeyuka, hujishika kwenye chembe za kutu zinazozama, na kwenda nazo chini. Wenzake hubaki majini.

Fikiri basi: gari la ndugu 14 limefika stendi ya Same. Karani anahesabu, anakuta wote wapo kwa kadiri yao ila seriamu amepungua. Atajua kwamba huko njiani walipita mahali penye oksijeni. Jiwe la chokaa ndilo daftari la karani huyo. Mtaalamu huliponda jiwe, huliyeyusha kwa asidi hafifu ya jamii ile ile ya siki, ili aichukue chokaa peke yake na kuacha udongo, kisha huhesabu ndugu kwa mashine.

Mwaka 2014 wataalamu Robert Riding, Philip Fralick na Liyuan Liang walitoa habari ya mawe ya chokaa ya Steep Rock, nchini Kanada, yenye umri wa miaka milioni 2,800 hivi. Kwa saa yetu, hiyo ni saa 9 na dakika chache alasiri. Anga bado lilikuwa halina oksijeni. Kumbe katika chokaa ile seriamu ilikuwa imepungua! Maana yake, katika maji ya kina kifupi palikuwa na kisima kidogo cha oksijeni katikati ya bahari isiyo na hewa, kama chemchemi jangwani. Viumbe vya kijani vilikuwa vimekwisha kuanza kazi miaka milioni 400 hivi kabla anga halijabadilika. Kwa nini anga lilichelewa? Kwa sababu oksijeni yote iliyotoka ililiwa kwanza na chuma na hewa za volkeno. Aliyeanza kazi na madeni makubwa haweki akiba mwaka wa kwanza.

Shahidi wa pili umemweka jikoni. Ni iodini, ile inayotiwa katika chumvi yenye madini joto ili watu wa milimani tusipate rovu. Baharini iodini ina sura mbili. Ile ya maji yenye oksijeni huweza kuingia katika chokaa. Ile ya maji yasiyo na oksijeni haiwezi. Mwaka 2014 Dalton Hardisty na wenzake walionyesha kwamba katika mawe ya chokaa ya zamani sana iodini haionekani, kisha inaanza kuonekana katika yale ya wakati ule oksijeni ilipoingia angani. Mashahidi wawili wasiofundishana wakisema neno moja, baraza husadiki.

NA MAWE YETU YA UPARE?

Ndugu msomaji wa Chome, najua unangoja kuuliza: Je, mawe yetu nayo yalikuwa baharini?

Milima ya Pare imo katika ukanda mrefu wa miamba uitwao Ukanda wa Msumbiji, unaopita mashariki mwa Afrika. Zamani palikuwa na bahari, nayo wataalamu huiita Bahari ya Msumbiji. Nchi mbili kubwa zikasogeleana, bahari ikabanwa mpaka ikafungika. Mawe ya Upare yaliingizwa chini zaidi ya kilomita 30, yakapikwa kwa joto la nyuzi 800 za Selsiasi hivi, kati ya miaka milioni 650 na 600 iliyopita. Ndiyo sababu yana milia na ni magumu hata nyundo inaruka. Chokaa ya bahari iliyopikwa hivyo hugeuka marumaru, na marumaru hupatikana mahali pengi katika ukanda huo.

Hapa ndipo penye taabu. Jiwe lililopikwa ni kama barua iliyoanguka motoni. Maji ya moto ya chini ya ardhi hupita ndani yake na kuhamisha vitu. Ndugu 14 huweza kuchanganywa na wageni. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hawezi kuokota marumaru ya Ukanda wa Msumbiji na kutangaza papo hapo kwamba bahari yake ilikuwa na oksijeni kiasi kadha. Ndiyo maana watu huenda mpaka Kanada na Afrika Kusini kutafuta chokaa ya kale iliyokwepa tanuri.

Hata hivyo barua iliyoungua haikosi maneno yote. Mwaka 2008 wataalamu waliotafiti marumaru ya kaskazini mwa Msumbiji, pande za Montepuez, walitoa habari zao. Kwa kupima kaboni na strontiamu zilizobaki ndani ya yale yaliyohifadhika vizuri, walikadiria wakati chokaa ile ilipotua baharini. Maneno mengine yalikuwa yamefutika, haya yalisomeka.

Na kuna ushahidi mwingine ulio karibu nasi zaidi. Kaskazini-magharibi mwa Upare, Merelani, hutoka tanzanaiti. Habari zake zilienea mwaka 1967, na mwaka 2018 Serikali ilimtambua Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Na ng'ambo ya Mkomazi, pande za Taita nchini Kenya, hutoka kito cha kijani kiitwacho tsavoraiti. Vito hivi viwili hukaa karibu na marumaru na mawe meusi yenye grafiti, ile tunayoandikia katika penseli. Rangi ya buluu ya tanzanaiti hutokana na metali iitwayo vanadi, nayo ndiyo inayotia kijani katika tsavoraiti nyingi. Vanadi husafiri katika maji yenye oksijeni, na hunaswa katika tope jeusi mahali oksijeni inapokwisha. Na grafiti hiyo ni mabaki ya viumbe vya bahari vilivyozikwa katika tope hilo.

Umeona? Pete ya buluu inayovaliwa na bibi arusi wa mbali ilianza kama tope la ndiva, chini ya bahari iliyokwisha kufungika.

Na tope lile lina hesabu ya pekee. Mmea au mwani ukitengeneza mwili wake hutoa oksijeni. Ukioza hewani au kuungua, huila tena oksijeni yote iliyotoka. Lakini ukizikwa matopeni bila kuoza, oksijeni yake inabaki angani. Kila donge la grafiti ni stakabadhi ya akiba iliyowekwa. Basi msitu wetu wa Shengena, pamoja na wema wake wote wa kutunza maji na viumbe, hauongezi sana oksijeni ya dunia. Unaotoa ndio karibu unaokula majani yakioza. Hewa unayovuta sasa ni akiba ya mamilioni ya miaka, iliyowekwa na viumbe ambavyo hata hatukuviona.

BAHARI YA KALE INGALIPO

Kama wataka kuiona bahari ya kale kwa macho, huna haja ya kurudi nyuma miaka milioni elfu. Katika Kongo ya mashariki, Ziwa Kivu lina ghuba iitwayo Kabuno. Maji yake ya chini hayana oksijeni, nayo yamejaa chuma kilichoyeyuka. Mwaka 2015 wataalamu walieleza jinsi vijidudu vya ghuba hiyo vinavyotumia mwanga wa jua na chuma ili kuishi. Wanaitazama Kabuno kama dirisha la kuchungulia bahari za mwanzo.

Na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lina oksijeni juu tu: yapata mita 100 upande wa kaskazini, na mita 200 hivi upande wa kusini. Chini ya hapo ni ndiva kubwa iliyotulia. Dagaa wa Kigoma unaowanunua gulioni wamekaa katika tabaka lile jembamba la juu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Upepo ukivuma, huchanganya maji, ukashusha hewa na kupandisha chakula cha mwani kutoka chini. Lakini dunia inapopata joto, maji ya juu huwa mepesi zaidi, hayataki kuchanganyika na ya chini. Chakula hakipandi, hewa haishuki. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba katika sehemu za ziwa walizozipima, eneo la sakafu lenye oksijeni limepungua zaidi ya theluthi moja tangu vipimo vya mwaka 1946. Nyavu nyingi mno nazo zina lawama yake. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wapumzike. Lakini kufunga nyavu ni dawa ya nusu moja ya ugonjwa. Nusu ya pili ni joto.

Mpendwa msomaji, hapo ndipo jiwe la chokaa linapoacha kuwa mchezo wa wasomi. Limetufundisha kwamba maji huweza kukosa hewa, na kwamba mahali yanapokosa hewa hakai samaki. Limetufundisha tena kwamba kuijaza bahari oksijeni kulichukua zamu ndefu mno, mchana kutwa na karibu usiku kucha kwa saa yetu. Akiba iliyokusanywa polepole hivyo haifai kuchezewa na watu wa sekunde ya sita.

Basi Jumapili jioni, mkiisha kula, mpe mwanao jiwe na limau moja. Mwache adondoshe, atazame povu. Akikuuliza hewa hiyo imetoka wapi, sasa unayo habari ya kumpa. Na mtakapokwenda kuizibua ndiva, mwonyeshe tope jeusi, umwambie: mwanangu, bahari yote ilikuwa hivi. Kisha mtoe tope hilo, maji yapite.